Jensen wa Nvidia anasema chipu ya mshindani hata ukipewa bure bado ni ghali. Jeuri au hesabu?

#1 Kibubu

Wakuu, salaam.

Nina hisa 12 za Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu zinazoendesha akili mnemba. Najua humu kuna wenye mia na wenye elfu, lakini hizi 12 ni jasho langu, nazichungulia kila siku kama mtu aliyepanda mahindi halafu mvua inasuasua.

Matokeo ya robo mwaka yalitoka tarehe 19 Novemba 2025: mauzo dola bilioni 57, na robo iliyofuata walitegemea bilioni 65. Kwenye kikao na wawekezaji bosi wao Jensen Huang akasema watu wanaongea habari za povu la akili mnemba, yaani bei zilizopanda kupita kiasi, ila yeye akitazama kutokea alipokaa anaona kitu tofauti kabisa. Nikakumbuka kauli yake nyingine, nadhani aliitoa kwenye kikao kama hichohicho, kwamba chipu za washindani hata zikigawiwa bure bado si nafuu vya kutosha.

Wiki haijatimia, ikatoka habari kwamba Meta, wenye Facebook, inazungumza na Google ili itumie chipu za Google, zile TPU. Hisa ikashuka. Jensen akaingia X akaandika kwamba wanafurahia mafanikio ya Google, lakini Nvidia iko kizazi kizima mbele ya wote.

Swali langu: mtu mwenye soko mkononi ana haja gani ya kusema hivyo? Bibi yangu aliuza maandazi miaka mingi na hakuwahi kumtaja muuza maandazi wa mtaa wa pili. Alipoanza kumtaja tu, sisi wa nyumbani tukajua unga unabaki.

#2 Fundi Bisibisi

Mkuu Kibubu, uzi mzuri ila umechanganya mafaili mawili.

Kauli ya "bure" hakuitoa kwenye kikao cha wawekezaji. Aliitoa Machi 2024 chuoni Stanford, kwenye mkutano wa uchumi. Na ile ya X si Jensen, ni akaunti ya kampuni. Kuna tofauti kati ya mwenye duka kumjibu jirani na kijana wa kaunta kumjibu.

Halafu Stanford palepale aliwaambia wanafunzi kwamba anawatakia maumivu na mateso ya kutosha ili wakomae. Kwa hiyo maneno ya huyu mzee usiyapime yote kwa mizani moja.

#3 Kibubu

Asante kwa marekebisho mkuu. Lakini kijana wa kaunta anamjibu jirani bila kutumwa?

#4 Mama Friza

Mimi hizo chipu sizijui, nazijua za viazi. Ila hiyo habari ya bure bado ni ghali naielewa kuliko ninyi nyote.

Mwaka juzi shemeji alihama akaniachia friza lake kubwa, bure kabisa, hata usafiri alilipa yeye. Nauza juisi na barafu, nikaona Mungu kanikumbuka. Mwezi wa kwanza LUKU ya elfu kumi iliyokuwa inanifikisha wiki ikawa haimalizi siku nne. Na barafu lenyewe halishiki mpaka saa nane usiku. Halafu lilikaa mahali pa friza dogo zuri, kwa hiyo nikapoteza umeme, nikapoteza nafasi, nikapoteza na wateja wa asubuhi.

Ukikaa ukahesabu, lile friza la bure ndilo ghali kuliko vyote nilivyowahi kumiliki. Sasa kama huyo Jensen anasema hivyo, mimi namwelewa.

#5 Fundi Bisibisi

Mama Friza ametumaliza. Ndiyo hesabu yenyewe aliyokuwa anaisema Jensen, gharama nzima ya kumiliki, siyo bei ya dukani.

Niongezee namba kidogo. Chipu moja ya Nvidia, aina ya H100, inakula hadi wati 700. Kabati moja la kisasa la Nvidia, lile la chipu 72 za aina ya Blackwell, linakula takriban kilowati 120. Wenye vituo vya data kinachowabana si pesa, pesa wanayo. Kinachowabana ni umeme na jengo. Ukiwa umepewa megawati 100 tu na shirika la umeme, kila chipu unayoweka inachukua sehemu ya hizo megawati. Ukiweka chipu ya bure inayotoa kazi nusu, umetupa nusu ya jengo lako na nusu ya mapato yako. Hapo hata aliyekugawia bure amekutia hasara.

#6 Nduthi Capital

Niko Nairobi. Kwanza nicheke: Jensen anasema vituo vya data sasa ni viwanda vya kuzalisha tokeni, yaani vile vipande vya maneno ambavyo akili mnemba inatoa. Huku kwetu tokeni ni za stima, na tunazinunua sisi. Mnaona vile huyu jamaa ameuza stima na tokeni kwa mtu mmoja?

Pili, mnasahau tuliona sinema hii. M-Pesa ilianza 2007. Airtel ikaja, ikafika mahali ikaondoa ada ya kutuma pesa kwa wateja wake. Bure kabisa! Watu walihama? Hawakuhama. Kwa sababu wakala wa M-Pesa yuko kila kona, shule inalipwa kwa M-Pesa, mama mboga ana Lipa na M-Pesa, chama kinachanga kwa M-Pesa. Bure ya jirani haikukusaidia kama unayemtumia hayuko huko.

Hiyo ndiyo CUDA, programu ya Nvidia ya kuandikia kazi za chipu zake. Nvidia iliitoa 2006, watengeneza programu wakasoma nayo chuoni, wakaandikia kazi zao juu yake. Chipu ni simu tu. CUDA ndiyo mawakala.

#7 Mpwa wa Tandika

@Nduthi Capital mfano mzuri sana, lakini ni wa upande wenu wa mpaka tu.

Huku Bongo mitandao ilianza kuunganishwa 2014, Airtel, Tigo na Zantel wakaanza kutumiana pesa moja kwa moja, Vodacom akaingia 2016. Ndiyo maana huku hakuna mfalme mmoja anayelala na taji. Mtu ana laini tatu, anatazama nani ana bando nzuri leo. Hata kwenu, 2014 hiyohiyo mamlaka ya ushindani iliilazimisha Safaricom iwaruhusu mawakala kuhudumia mitandao mingine.

Kwa hiyo ukuta wa mawakala ni ukuta kweli, lakini unadumu mpaka siku watu wataunganisha mitandao. Swali ni nani anaunganisha mitandao ya hizo chipu.

#8 Nduthi Capital

Sawa, nakubali nusu. Hiyo nusu nyingine nitakubali mkikubali kwamba ni "akili unde" na siyo "akili mnemba".

#9 Mpwa wa Tandika

Hapana. Bora nipoteze hisa.

#10 Fundi Bisibisi

Kujibu swali la #7. Wanaounganisha wapo. Kazi nyingi leo haiandikwi kwa CUDA moja kwa moja, inaandikwa kwa PyTorch, zana ya wazi ya kuundia akili mnemba, na PyTorch inaweza kukimbia juu ya chipu za AMD, mshindani wa Nvidia, kupitia programu yake ya ROCm, inaweza kukimbia juu ya TPU. OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa lugha ya Triton 2021 ili mtu aandike kazi ya chipu bila kuishi ndani ya CUDA.

Lakini msikimbilie kushangilia. Nimewahi kuhamisha kazi ndogo tu ya ofisini kutoka kadi ya Nvidia kwenda kadi ya mshindani. Kwenye karatasi ilikuwa siku mbili. Ilichukua wiki tatu, na mwisho bosi akauliza, "Hizo wiki tatu za mshahara wako zingenunua kadi ngapi?" Sikumjibu.

Kampuni ndogo haina wiki tatu. Google, Meta, Microsoft na Amazon wanazo, na wana wahandisi mia tano wa kuzitumia. Hapo ndipo hatari ilipo: wanaoweza kuhama ndio haohao wanaonunua zaidi.

#11 Kaka wa Dallas

Salaam kutoka Texas. Nimekuwa na hisa hizi tangu 2019, kwa hiyo niseme kwa upendo: mnabishana kuhusu bure kinadharia wakati bure imeshakuja.

Oktoba 2025 AMD walifunga mkataba na OpenAI wa chipu za kula umeme wa gigawati 6. Na ndani ya mkataba AMD wakampa OpenAI haki ya kununua hadi hisa milioni 160 za AMD kwa senti moja ya dola kila hisa, zikifunguka kidogokidogo kadiri manunuzi yanavyofikia viwango vilivyowekwa. Senti moja! Mwenye duka anamwambia mteja, nunua kwangu nikupe sehemu ya duka.

Sasa nani ameshinda hoja? Waweza kusema Jensen alisema kweli, mshindani amefika mahali pa kulipa ili aingie. Waweza pia kusema Jensen alikosea, kwa sababu mteja mkubwa kama OpenAI amekubali. Mimi mwenyewe nimelala juu ya jambo hili mwezi mzima na sijaamka na jibu.

#12 Kibubu

Kaka wa Dallas, tangu 2019? Basi wewe usizungumze nasi kwa upendo, zungumza nasi kwa mkopo.

#13 Mzee wa Gawio

Vijana, naona mnapiga hesabu za mabilioni. Ngoja niwasaidie hesabu ya Kibubu.

Nvidia inalipa gawio la senti moja kwa hisa kwa robo mwaka. Hisa 12 ni senti 12. Marekani haina mkataba wa kodi na Tanzania, kwa hiyo wanakata asilimia 30 kabla hujaiona. Umebaki na senti nane na kidogo. Mwanangu, kwa robo nzima Jensen amekununulia big'ijii.

Mimi hisa zangu za benki hapa Dar zinanilipa gawio nalilia sherehe. Hazina kizazi kilicho mbele wala nyuma, zinakopesha watumishi tu.

#14 Kibubu

Hahaha! Mzee wangu shikamoo. Lakini mimi sikununua kwa ajili ya gawio, nilinunua ikue.

#15 Mzee wa Gawio

Marahaba. Inayokua ndiyo inayokatwa.

#16 Kaka wa Dallas

Mzee wa Gawio shikamoo. Hapo kwenye kodi niongeze jambo ambalo watu wa nyumbani hawaambiwi. Asiye raia na asiye mkazi wa Marekani akifariki akiwa na mali za Marekani, hisa zikiwemo, zinazozidi dola 60,000, warithi wake wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi inayofika hadi asilimia 40. Kibubu yuko salama. Wenye elfu humu waende wakaulize kabla hawajaugua.

#17 Bin Kilindini

Niko Maskati huku, nasoma kimyakimya tangu asubuhi. Mnaongea chipu, mimi nataka kuongea bei.

Machi 2000 kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani ilikuwa Cisco, zaidi ya dola bilioni 500. Alikuwa anauza vifaa vya kuunganishia intaneti. Wasifu wake ulikuwa huuhuu: kila anayejenga intaneti lazima apitie kwake, hakuna anayemkaribia, mahitaji hayaishi. Na yote yalikuwa kweli! Intaneti ilikuja, ikakua kuliko walivyosema, na Cisco haikufa. Lakini hisa ilianguka zaidi ya asilimia 80, na ilichukua miaka 25 na ushee bei kukifikia tena kilele kile.

Kwa hiyo Jensen anaweza kuwa mkweli kwa kila neno, na bado Kibubu akapoteza. Ukweli wa muuza mashua hauhusiani na bei uliyonunulia mashua.

#18 Fundi Bisibisi

Bin Kilindini, mfano wa Cisco umetumika mpaka umechakaa. Wakati ule Cisco ilikuwa inauzwa zaidi ya mara 100 ya faida yake. Nvidia sasa hivi iko chini ya mara 50. Robo hii peke yake faida halisi ni karibu dola bilioni 32. Hiyo si ndoto ya mtu, ni pesa imeingia.

#19 Bin Kilindini

Imeingia kutoka kwa nani? Hilo ndilo swali, ndugu yangu Fundi.

Tazama taarifa ya robo iliyoishia Julai: wateja wawili tu ni asilimia 39 ya mauzo. Halafu Septemba Nvidia ikatangaza inakusudia kuwekeza hadi dola bilioni 100 kwa OpenAI, na OpenAI atajenga vituo vya gigawati 10 kwa mashine za Nvidia. Yaani nakupa pesa uje ununue kwangu, halafu nasimama sokoni naringa kwamba wateja wamejaa.

Huku Maskati kuna mzee mmoja wa duka la vitambaa, kila Ijumaa wanawe wanaingia dukani kama wateja ili wapita njia waone kuna msongamano. Naye anasema washindani hawamkaribii.

#20 Kaka wa Dallas

Mfano mkali, lakini haujakaa sawa. Huo wa bilioni 100 ulitangazwa kama makusudio, wa kulipwa hatua kwa hatua kila gigawati inapowashwa. Na wanunuzi wakubwa, Microsoft, Meta, Amazon, Google, wananunua kwa pesa zinazotoka kwenye biashara zao wenyewe, matangazo na programu. Hao si watoto wa mzee wa vitambaa.

Ila nakubali kitu kimoja. Ukiwa unampa mteja pesa, huwezi tena kujua kama anakupenda.

#21 Nduthi Capital

Hiyo ya mwisho peleka kule jukwaa la mapenzi.

#22 Jino la Pembe

Nisaidieni. Mimi nilinunua Juni 2024. Siku ya Ijumaa niliona bei dola 1,200 na ushee, Jumatatu nikaona 120. Nikasema imeanguka, sasa ndiyo wakati, nikamwaga akiba yote. Kuna shida?

#23 Mpwa wa Tandika

😂😂😂 Mkuu haikuanguka! Waliigawa hisa moja kuwa kumi. Chapati moja nzima imekatwa vipande kumi, wewe umekimbia ukidhani chapati zimeshuka bei.

#24 Jino la Pembe

Nilikuja kuelewa Agosti. Kwa wiki mbili nilikuwa nasimulia watu kijiweni jinsi nilivyookota dodo chini ya mwarobaini.

Lakini tazameni vizuri. Nilinunua kwa 121, mwishoni mwa Novemba 2025 ilikuwa 177 hivi. Karibu nusu ya mtaji wangu imeongezeka juu. Bin Kilindini ana hesabu zote za Cisco, mimi nina ujinga wangu, na ujinga wangu umenilipa.

Ila nisiseme uongo, ile siku akili mnemba ya Wachina, DeepSeek, iliposhtua soko, 27 Januari 2025, sikulala. Soko linafunguliwa kwetu saa kumi na moja na nusu jioni. Hadi saa sita usiku linafungwa ilikuwa imeanguka asilimia 17, dola karibu bilioni 590 zimeyeyuka kwa siku moja, na mimi nimerudi chini ya bei yangu. Mke wangu ananiuliza kuna msiba? Nikamwambia bado.

#25 Mzee wa Gawio

Ndoa hiyo ina gawio.

#26 Fundi Bisibisi

Turudi kwenye mada, maana swali la Kibubu la kwa nini aseme halijajibiwa.

Mimi nilianza kutengeneza kompyuta enzi za kadi za picha za kampuni ya 3dfx. Ukiwa na kadi yao ya Voodoo wakati huo wewe ni mfalme wa mtaa. 3dfx nao walikuwa na lugha yao wenyewe ya kuandikia michezo, Glide, na michezo mizuri mingi iliandikwa kwa Glide. Ukuta kabisa. Nvidia ilikuwa inatambaa: chipu yao ya kwanza ilikuwa imebuma, Sega, kampuni ya michezo ya Japani, ndiye aliyewapa dola milioni 5 zikawafikisha kwenye RIVA 128 mwaka 1997. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2000, ni Nvidia inanunua mabaki ya 3dfx.

Jensen ndiye aliyempita mwenye ukuta. Anajua unapitwaje. Ndiyo maana nasema kauli zake si jeuri, ni hofu. Wa ndani wa kampuni wana msemo wao wa miaka mingi kwamba wako siku 30 tu kutoka kufilisika.

#27 Mama Friza

Sasa mtu mwenye hofu mbona anavaa jaketi la ngozi kila mahali?

#28 Kaka wa Dallas

Mama, hapo hata wachambuzi wa Wall Street wamenyamaza.

Fundi, nina maelezo mengine. Mimi nadhani hasemi na washindani wala na sisi wawekezaji. Anasema na meneja wa manunuzi wa kampuni fulani ambaye ana oda mbili mezani. Huyo meneja akichagua Nvidia na mambo yakaharibika, hakuna wa kumlaumu. Akichagua ya bure na mambo yakaharibika, kibarua kimeota nyasi. "Hata bure ni ghali" ni sentensi ambayo meneja anaweza kuibeba hadi kwa bosi wake. Ni karatasi ya mauzo.

#29 Bin Kilindini

Au anasema na wafanyakazi wake, ambao wengi wamelipwa kwa hisa na sasa ni matajiri. Tajiri unamwamsha vipi saa kumi na moja alfajiri?

#30 Mpwa wa Tandika

Mnamtetea sana. Wakuu wa kompyuta wana historia ya midomo.

Mwaka 1997 Michael Dell aliulizwa angefanya nini kama angekuwa bosi wa Apple. Akasema angeifunga na kuwarudishia wenye hisa pesa zao. Januari 2006 thamani ya Apple ikaipita Dell, na Steve Jobs akawaandikia wafanyakazi wake kuwakumbusha. Mwaka 2007 Steve Ballmer wa Microsoft akasema iPhone haina nafasi ya kupata soko la maana. Tunajua iliishia wapi.

Kauli za namna hii zinatoka mtu akiwa juu mlimani.

#31 Nduthi Capital

Buda, malizia hadithi. Michael Dell leo ni bilionea anayeuza seva zilizojaa chipu za Jensen. Mdomo haukumfilisi.

Na Microsoft ya Ballmer? Thamani yake leo ni matrilioni. Waliokosea kuhusu simu wakapata kwingine.

#32 Mpwa wa Tandika

Mwenye hisa za Dell wa 2006 hakuwa na subira ya kusoma mwisho wa hadithi.

#33 Bin Kilindini

Na hakuna aliyegusa China. Jensen mwenyewe alisema Oktoba 2025 kwamba Nvidia imetoka asilimia 95 ya soko la chipu hizi kule hadi sifuri. Hakushindwa na chipu ya bure wala ya ghali. Aprili serikali ya Marekani iliweka sharti la kibali kwa H20, chipu ya Nvidia iliyotengenezwa kwa ajili ya China, kampuni ikafuta hesabuni dola bilioni 4.5. Agosti wakakubaliana kibali kwa kuipa serikali asilimia 15 ya mapato. Halafu China yenyewe ikawaambia watu wake wasinunue.

Kwa hiyo kizazi kizima mbele, lakini mlango ukafungwa kwa funguo mbili. Hapo Huawei anajifunza polepole bila kusumbuliwa na mtu.

#34 Fundi Bisibisi

Hilo la China nakubali bila nyongeza. Soko ulilofukuzwa ndilo linalokulea mshindani.

Lakini kwa TPU tuwe na kumbukumbu. Google alianza kuzitumia ndani kwake 2015. Ni miaka kumi. Na miaka yote hiyo ameendelea kununua Nvidia, kwa sababu wateja wake wa kukodi mashine wanaidai. TPU ni nzuri kwa anayejua anataka kufanya nini kwa miaka mitano. Nvidia ni ya ambaye bado hajui.

#35 Kaka wa Dallas

Pale Stanford alilisema mwenyewe, kwamba hashindani na washindani tu, wateja wake nao ni washindani wake. Lisa Su wa AMD naye ni ndugu yake wa ukoo. Kwa hiyo amezungukwa na wateja wanaompiga vita na ndugu wanaompiga vita.

#36 Mama Friza

Huyo basi ni Mswahili kabisa.

#37 Nduthi Capital

Na kwa wanaojilaumu kwamba waliuza mapema: SoftBank, kampuni ya uwekezaji ya Japani, walikuwa na karibu asilimia 5 ya Nvidia, wakauza yote 2019. Wakarudi wakanunua. Oktoba 2025 wakauza tena yote, dola bilioni 5.83, wapate pesa za kuwekeza OpenAI. Bosi wao Masayoshi Son ana wachambuzi wangapi? Na bado anaingia na kutoka kama konda wa matatu.

Hata huku kwetu, Machi 2025 kampuni ya Cassava ilitangaza kujenga vituo vya chipu za Nvidia, waanzie Afrika Kusini, kisha nchi nyingine, Kenya ikiwemo. Siku kikiwashwa hapa nitaona kwa macho kama tokeni zangu za stima zitabaki.

#38 Kibubu

Wakuu nimesoma yote, asanteni sana. Nimeelewa kwamba ni hesabu (Mama Friza), ni ukuta (Nduthi), ni ukuta wenye ufa (Mpwa), ni hofu (Fundi), ni karatasi ya mauzo (Dallas), na ni kweli lakini haijalishi (Bin Kilindini). Yaani nimeingia na swali moja natoka na sita.

Nimeuza nne. Nimebaki na nane.

#39 Jino la Pembe

Kwa nini nne? Kuna hesabu gani hapo?

#40 Kibubu

Ada ya mtoto, Januari hiyo inagonga.

#41 Mzee wa Gawio

Huyu ndiye mwekezaji pekee humu mwenye sababu.

#42 Bin Kilindini

@Mama Friza samahani natoka nje ya mada. Nina mdogo wangu Tanga anaanza biashara ya barafu. Lile friza la shemeji bado unalo? Unaliuzaje?

#43 Mama Friza

Nilimpa jirani bure. Jumamosi karudisha.